Wanawake wa Burundi Katika Korido za Arusha

Kati ya mwaka 1998 na 2000 jengo la mikutano la AICC pale Arusha lilibeba misiba ya nchi mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa ikisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994. Upande mwingine wanasiasa wa Burundi walikuwa wakiketi kutafuta namna ya kumaliza vita vilivyowaka tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa, Oktoba 21, 1993. Sisi tuliokuwa tukiingia na kutoka pale tulizoea kuona walinzi wa Umoja wa Mataifa, majoho ya mawakili, misafara ya magari yenye bendera, na waandishi wa habari wakigombea simu. Wageni ambao kwa muda mrefu hakuna aliyewauliza wamefuata nini ni akina mama wa Kirundi waliokuwa wakisimama kwenye korido, mafaili wameyakumbatia kifuani.

Mimi nilikuwa nao. Nimezaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, na Kiha cha kwetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mrundi akisema namwelewa, na mimi nikisema ananielewa. Kifaransa nilikipata shuleni, nikakiendeleza kwa masista. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika chama kidogo cha wanawake mjini Arusha, tukishughulika zaidi na mirathi na kesi za ndoa. Mwenyekiti wetu aliposikia kuna akina mama wametoka Bujumbura hawana mwenyeji, aliniita akaniambia, "Wewe si unasikia lugha yao? Hebu kawaangalie." Kazi ya kuwaangalia ikanishika mpaka siku makubaliano yaliposainiwa.

Vijana wa leo wanaokuja kuniuliza habari za siku zile huanza na Mandela na Clinton. Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Meja Pierre Buyoya aliichukua nchi kwa mapinduzi kwa mara ya pili Julai 25, 1996, na kabla ya wiki kwisha viongozi wa nchi jirani walikuwa wamekutana papa hapa Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo. Vikwazo vile viliumiza watu wa kawaida, hilo sitalificha, na havikuondolewa mpaka Januari 1999. Mazungumzo yenyewe yalifunguliwa Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi na Jaji Mark Bomani akiongoza timu yake. Mwishowe waliokuwa mezani walifikia pande 19: vyama vya siasa 17, serikali, na Bunge. Makundi mawili yenye wapiganaji wengi msituni hayakuwamo, na kasoro hiyo ilikuja kuwagharimu Warundi miaka mingine ya damu.

Kazi iligawanywa kwenye kamati. Moja ilichimba chanzo cha mgogoro, yaani mauaji ya kimbari na ubaguzi. Nyingine demokrasia na utawala bora, chini ya Nicholas Haysom wa Afrika Kusini. Nyingine amani na usalama. Nyingine ujenzi wa nchi na maendeleo. Baadaye ikaongezwa ya kuangalia dhamana za utekelezaji. Kamati ya amani na usalama iliongozwa na Padre Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambaye leo ni kardinali. Hapo ndipo penye jambo ambalo nililishikilia tangu mwanzo na bado nalishikilia. Sant'Egidio ni jumuiya ya waumini wa kawaida iliyozaliwa Roma, si serikali ya mtu yeyote. Taasisi ya Mwalimu Nyerere, iliyobeba uendeshaji wa mazungumzo, nayo si serikali. Kwa hiyo asasi za kiraia zilikuwamo ukumbini tangu siku ya kwanza, na zilifanya kazi nzuri. Mlango ulikuwa umefungwa kwa asasi za Warundi wenyewe, na hasa kwa wanawake wao.

Jibu tulilopewa kila tulipouliza lilikuwa lilelile: wanawake si upande katika mgogoro. Vita ni vya vyama na majeshi, basi na amani ni ya vyama na majeshi. Nililisikia kwa Kifaransa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kutoka kwa watu wa serikali na wa upinzani sawia, na wengi wao walilisema kwa upole kama wanaomweleza mtoto. Mama mmoja wa makamo kutoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, alimjibu mjumbe mmoja mbele yangu: "Mzee wangu, mwanangu wa kwanza alichukuliwa na jeshi. Wa pili akachukuliwa na wa msituni. Mimi niandike chama gani?" Yule mzee alimtazama, akamshika mkono, akaingia ukumbini bila kusema neno. Nadhani alikuwa mtu mwema. Lakini mkono ule haukubadilisha chochote kwenye rasimu, na rasimu ndiyo tuliyokuwa tumeifuata.

Upande wa pili wa jengo, wakati huohuo, tulipata somo. Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Hati yake ya mashtaka ya awali haikuwa na kosa la ubakaji hata moja, ingawa kila mwanamke wa Taba alijua yaliyotendeka pale ofisini kwake. Shahidi mmoja, akihojiwa kuhusu mambo mengine, alitaja kubakwa kwa bintiye. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya majaji watatu wa kesi ile, akataka kujua zaidi. Vyama vya haki za wanawake kutoka nchi mbalimbali navyo vikaandika andiko la kisheria kama marafiki wa mahakama, vikieleza kwa nini mashtaka yale yalipaswa kurekebishwa. Mwaka 1997 hati ikabadilishwa. Septemba 2, 1998, hukumu iliposomwa, kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Siku ile nilikuwa sehemu ya watazamaji, nyuma ya kioo, vipokea sauti masikioni, na akina mama wawili wa Kirundi pembeni yangu. Mmoja alikuwa mwanasheria. Tulipotoka hakuzungumzia huruma wala machozi. Alisema, "Umeona? Waliandika. Hawakulia nje ya mlango, waliandika karatasi ya kisheria ikaingia kwenye faili." Tangu siku hiyo namna yetu ya kufanya kazi ikabadilika.

Nitaieleza kwa kituo, maana ndiyo sehemu ambayo vitabu vingi vinaipita kwa sentensi moja. Watu husema akina mama "walishawishi wajumbe" na kuishia hapo. Kushawishi ni kazi ya mikono. Kwanza kulikuwa na suala la kufika. Wengi wao walikuwa wanachama wa vyama vilivyoungana chini ya CAFOB, muungano wa vyama vya wanawake wa Burundi, Wahutu na Watutsi pamoja. Wakati wa vikwazo hakukuwa na ndege, kwa hiyo wengine walivuka mpaka wa Kobero, wakaingia Ngara, wakashika mabasi ya Kahama na Singida, wakafika Arusha miguu imevimba. Wajumbe wa vyama walilipiwa hoteli na posho. Akina mama hawa walijilipia, au walichangiwa, na ikishindikana walilala kwetu: Kaloleni, Sanawari, Sakina, popote palipokuwa na kitanda cha ziada au godoro la kutandika chini. Mama yangu alikuwa akituma dagaa kutoka Kigoma kwa wapanda treni, tukawapikia na maharage na ndizi, na kwa jioni moja Mhutu wa Gitega na Mtutsi wa Bururi walikula sahani moja wakilalamikia baridi la Arusha.

Pili kulikuwa na karatasi. Mwanzoni waliandika barua ndefu, kurasa nne, tano, zenye uchungu mwingi na heshima nyingi. Wajumbe walizipokea kwa mikono miwili na kuziacha kwenye meza za chai. Yule mwanasheria akakataza barua. Ikawa ukurasa mmoja, usiozidi. Upande wa mbele Kifaransa, nyuma Kiswahili kwa ajili ya Watanzania wa sekretarieti na waandishi wa habari. Tulijifunza kutoandika "tunaomba wanawake wakumbukwe." Sentensi ya namna hiyo mjumbe anaisoma, anatikisa kichwa kwa kuafiki, na hakuna anachoweza kuifanyia. Tulichukua rasimu ya kamati, kila ilipotufikia, tukatafuta ibara na aya, tukaandika: mahali penye maneno haya, ongezeni maneno haya. Palipoandikwa "wakimbizi wanaorejea watapewa ardhi", tuliongeza wajane na mabinti, kwa sababu nchini Burundi ardhi ilirithiwa kwa mila, upande wa wanaume, na mjane anayerudi kutoka kambi za Kibondo bila mume wala mtoto wa kiume angeweza kufika kijijini akakuta hana hata pa kuinjika chungu.

Karatasi zilipigwa chapa usiku na kutolewa kopi asubuhi kwenye duka la steshenari karibu na mnara wa saa. Mwenye duka alizoea kufungua mapema kwa ajili yetu. Kisha kugawana vyama: wewe chukua FRODEBU, wewe UPRONA, wewe vile vyama vidogo ambavyo hakuna anayevitembelea. Hili la vyama vidogo lilikuwa wazo la mama wa Buyenzi, na lilikuwa wazo kubwa. Chama chenye wajumbe wawili tu, ambacho wakubwa hawakisikilizi, kikipewa karatasi yenye ibara iliyokwisha kuandikwa vizuri, kinaisimamia kamatini kama yake. Mapendekezo yetu kadhaa yaliingia kwa mlango huo, yakisemwa na wanaume ambao miezi michache nyuma walikuwa wakitupisha kwenye ngazi bila kutusalimu. Na mgawaji alipangwa kwa makusudi: Mtutsi aliwapelekea Wahutu, Mhutu akawapelekea Watutsi. Mjumbe akitazama jina lililoandikwa chini na sura iliyosimama mbele yake, anaelewa kwamba karatasi hii imetoka pande zote.

Hadhi nayo ilikuja kidogokidogo. Kwanza kuruhusiwa kuingia ndani ya jengo bila kusindikizwa, kisha kuonana na timu ya msuluhishi, kisha wachache wao kukubaliwa kama waangalizi. Mwangalizi hukaa nyuma, husikiliza, hana haki ya kusema. Kuna waliovunjika moyo wakasema hiki si kiti, ni kigoda cha kusubiria. Mimi niliwaona waangalizi wale wakitoka kikaoni na madaftari yaliyojaa mpaka pembezoni, na usiku ule karatasi yetu ikawa kali kuliko zote zilizotangulia. Anayesikia ndani anajua neno gani linaumiza, nani amechoka, nani anatafuta njia ya kulegeza msimamo bila kuaibika. Kukaa kimya ndani kulikuwa na faida kuliko kupiga kelele nje, alimradi unajua unatafuta nini.

Mwalimu alifariki London, Oktoba 14, 1999. Arusha ilinyamaza. Tulikuwa tumemzoea akipita, fimbo mkononi, akisimama kusalimia hata wafagizi. Kwa wiki kadhaa hatukujua kama mazungumzo yataendelea, na huko Burundi hali ilikuwa imeharibika: tangu Septemba mwaka ule serikali ilikuwa imewahamishia watu zaidi ya 300,000 wa pembezoni mwa Bujumbura kwenye kambi za kuwakusanya, wengi wao Wahutu, ikisema ni kwa usalama. Watu walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi juu ya vilima, mbali na mashamba yao. Akina mama walituma habari za kambi zile kila wiki, kwa simu na kwa barua za kupewa abiria, nasi tukazitoa kopi na kuzigawa.

Desemba mosi viongozi wa kanda wakamteua Mzee Nelson Mandela. Alipohutubia wajumbe kwa mara ya kwanza, Januari 2000, alisema wazi mambo ambayo wengine walikuwa wakiyazungukia. Aliwauliza wanasiasa wanawezaje kuendelea kubishana huku raia wao wanauawa kila siku, na hakumwonea haya mtu. Baadaye alikwenda mwenyewe Bujumbura, akaingia gereza la Mpimba, akadai kambi zile zifungwe. Sisi wa korido tulipata nguvu. Tulikuwa tumetumia mwaka mzima kusema kwamba mazungumzo haya yana deni kwa watu wasiokuwamo ukumbini, na sasa msuluhishi mwenyewe alikuwa akilisema kwenye kipaza sauti.

Mlango ulifunguka kweli katikati ya mwaka 2000. UNIFEM, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya wanawake, ilileta wataalamu wakazungumza na pande zote 19 kuhusu nafasi ya wanawake katika kutafuta amani. Safari hii hawakuweza kusema wanawake si upande, kwa sababu waliokuwa wakizungumza nao walikuwa na mifano ya nchi nyingine mkononi. Wakakubali. Julai 17 hadi 20, UNIFEM na Taasisi ya Mwalimu Nyerere wakaitisha hapa Arusha mkutano wa amani wa wanawake wa pande zote za Burundi. Kila upande kati ya zile 19 ulituma wanawake wawili, wakaungana na wale waangalizi na wengine, wote zaidi ya 50.

Julai ya Arusha ina baridi la ukungu, jua hutoka saa tano kama linalolazimishwa. Siku ya kwanza walikaa kwa mafungu, kila mtu na chama chake, na mashali yao wamejifunika mpaka shingoni. Nilipewa kazi ya kuwasaidia wasiojiweza kwa Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa karibu na waliokuwa wakizungumza Kirundi, na huko ndiko kulikokuwa na moto. Mmoja alikuwa ameishi miaka mingi ukimbizini mkoani Kigoma. Mwingine alikuwa anaishi kwenye makazi ya waliokimbia mauaji ya 1993 ndani ya Burundi, na mume wake hakuwahi kuzikwa. Walifika kwenye neno "mauaji ya kimbari": yahesabiwe ya 1972, Wahutu walipouawa, au ya 1993, Watutsi walipouawa, au yote? Sauti zikapanda. Mwanamke mmoja akasimama akatoka nje, mwingine akamfuata, tukadhani mkutano umekwisha.

Walirudi wote wawili. Mwenyekiti wa kikao kile, ambaye nilimheshimu tangu saa ile, aliwaambia neno hilo lina kamati yake, na wanaume wamelibishania tangu 1998 bila kulimaliza. Sisi tuandike yale ambayo mwanamke wa kambini na mwanamke wa makazi ya ndani wote wawili wanayahitaji kesho asubuhi. Wakaanza kuorodhesha, na orodha haikuwa na kabila. Aliyembaka mwanamke vitani ahukumiwe, asamehewe yeyote kwa lolote lingine lakini si kwa hilo. Mjane na binti wapate ardhi na urithi. Mtoto wa kike asome sawa na kaka yake. Mkimbizi mwanamke anayerejea alindwe njiani na afikapo. Haki za wanawake ziandikwe ndani ya katiba. Na kwenye Bunge, serikali, mahakama na vyombo vyote vitakavyoundwa na makubaliano, wanawake wasipungue asilimia 30.

Hilo la asilimia 30 lilibishaniwa kuliko yote, na waliolipinga hawakuwa wajinga. Mama mmoja wa chama kikubwa alisema tukidai namba wataichukua hiyo namba waseme ndiyo madai yetu yote, wayaache ya ardhi. Mwingine akamjibu kwamba bila watu wa kuyasimamia ya ardhi huko bungeni, yataandikwa na kufungiwa kabatini. Wote wawili, nikitazama yaliyokuja kutokea, walikuwa wameona mbali. Waliamua namba ibaki. Wakaenda nayo kwa Mandela, akawapokea na kuyachukua mapendekezo yao.

Makubaliano ya Arusha ya Amani na Maridhiano ya Burundi yalisainiwa Agosti 28, 2000. Rais Bill Clinton alikuwapo, barabara ya uwanja wa ndege wa KIA ilifungwa tangu alfajiri, na mji mzima ulikuwa umesimama. Hata jioni ilipoingia haikuwa hakika kama watasaini. Vyama kadhaa vya Watutsi viligoma mpaka dakika za mwisho, na siku hiyo zilisaini pande 13 tu, zilizobaki zikafuata Septemba. Mimi sikuwa ukumbini. Tulikuwa kwa mwenyekiti wetu tukisikiliza redio, na nakala ya rasimu ya mwisho iko mezani, akina mama wanaifungua ukurasa kwa ukurasa wakiwekea alama kwa penseli kila mahali walipokuta maneno yao. Zilikuwa alama nyingi kuliko nilivyotarajia. Wajane walikuwamo. Mabinti walikuwamo. Elimu ilikuwamo. Asilimia 30 haikuwamo. Yule mwanasheria alifunga kabrasha akasema, "Basi tutaidai Bujumbura."

Miezi miwili baadaye, Oktoba 31, 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama, Namibia ikiwa na kiti cha urais wa Baraza mwezi ule. Azimio lile nalo lilisukumwa na asasi za kiraia zilizokuwa zikifanya New York kazi ileile ya korido na karatasi. Leo linatajwa kwenye kila semina. Watu wengi wanaolitaja hawajui kwamba wakati linaandikwa kulikuwa tayari na mfano hai, mpya kabisa, wa mji mdogo chini ya Mlima Meru.

Nao waliidai Bujumbura kweli. Katiba iliyopigiwa kura ya maoni Februari 2005 iliweka kiwango cha chini cha asilimia 30 ya wanawake katika Bunge na katika serikali. Nilipigiwa simu usiku na mtu anayelia na kucheka kwa pamoja. Ya ardhi yamekwama mpaka leo: urithi wa mwanamke nchini Burundi bado unaamuliwa kwa mila, kwa kuwa sheria ya mirathi iliyosubiriwa miaka yote hii haijapitishwa. Ndiyo maana nasema wale akina mama wawili walikuwa wameona mbali. Namba ilipatikana, na wenye namba hawajaweza kulisogeza lile jingine. Siwalaumu. Najua chama kinavyomtia mtu adabu akishaingia bungeni kwa orodha ya chama. Lakini linaniuma, kwa sababu lile la ardhi ndilo lililowaleta wengi wao Arusha kwa basi.

Mei 2016 Warundi walirudi kuzungumza Arusha, safari hii chini ya Mzee Benjamin Mkapa, baada ya vurugu za 2015 na muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Mkoa wetu wa Kigoma ulikuwa umejaa wakimbizi upya, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli. Vyama vya kiraia vilivyokuwa na sauti Bujumbura vilikuwa vimesimamishwa tangu Novemba 2015, viongozi wake wengi wako uhamishoni, na serikali haikutaka kuketi na baadhi yao. Nilikwenda kusalimia wageni niliowafahamu. Nikakuta tena watu wamekaa hotelini, mafaili mkononi, wanasubiri kuambiwa kama wao ni upande au si upande. Mazungumzo yale yaliisha mwaka 2018 bila makubaliano.

Nikialikwa na vijana wanaoandaa mikutano ya namna hii, wa asasi zetu au wa mashirika ya kimataifa, hunionyesha kwanza ratiba na orodha ya wasemaji. Naomba bajeti. Natafuta mstari wa nauli, nauli ya mtu wa Kibondo au Kasulu, pamoja na ya mkalimani anayesikia Kirundi cha kambini, na fedha ya kopi. Mara nyingi haipo, au imewekwa chini kabisa, baada ya hoteli na mabango. Nawaambia waipandishe juu, waanze nayo, na wasinitumie mwaliko mpaka wameiandika.